Peni ya Baba Mkwe

Niseme mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari: mimi si tajiri, si mganga, na sina kipimo cha kutafutia mali iliyofukiwa na Mjerumani. Nakusanya sarafu za Kiingereza, basi. Hapa Songea ukimwambia mtu unakusanya sarafu za zamani, anakutazama mara mbili, kisha anasogeza kiti na kushusha sauti. Ana shemeji yake aliyeona sanduku la chuma likitoka ardhini. Ana jirani aliyepigiwa simu na Wazungu. Watu wa namna hiyo nimewajibu kwa upole, nimewajibu kwa ukali, na sasa siwajibu kabisa.

Sarafu zangu zinatoka mifukoni mwa mitumba. Asubuhi belo likifunguliwa sokoni, wauzaji hupekua makoti na suruali kabla ya kuzitundika, maana nguo za Uingereza huja na mabaki ya wenyewe: tiketi ya basi, karatasi ya pipi, kitambaa cha pua, na mara moja moja sarafu. Sarafu hiyo haina kazi. Wanaobadilisha fedha za kigeni wanataka noti. Ukiwapelekea chuma wanakuona umechanganyikiwa. Kwa hiyo wauzaji walikuwa wakiwapa watoto wachezee.

Mwaka wangu wa pili tangu niletwe hapa kufundisha jiografia, nilikwenda sokoni kutafuta koti. Mimi ni mtu wa Kondoa, baridi naijua, lakini baridi ya Songea ya mwezi wa saba ilinikuta sina nyumba ya kueleweka, sina ndugu, na barua yangu ya kuomba uhamisho imerudi na neno moja. Nikajaribu koti, nikatia mkono mfukoni, nikatoa pensi hamsini yenye pembe saba. Upande mmoja malkia, upande mwingine mwanamke ameketi na ngao, simba kando yake. Nilisimama nayo pale kama mtu aliyeletewa barua. Muuzaji akasema, "Chukua mwalimu, hiyo nyongeza." Tangu siku hiyo yule muuza makoti akawa ananiwekea kila anachokipata, nami namlipa bei ya soda. Uhamisho niliomba mara mbili tena, nikanyimwa mara mbili tena. Jioni nilikuwa namwaga sarafu zangu mezani na kuzipanga kwa miaka, na niliona nafuu. Mtu aliyefungiwa mahali hutafuta dirisha, na langu lilikuwa la ukubwa huo.

Baadaye nikapata mchumba. Alikuwa fundi cherehani, ametoka Nalasi kule Tunduru, kwa wakulima wa korosho. Barua ya posa ilikwenda ikajibiwa vizuri, kisha nikaitwa nionekane. Kuonekana ndiko kulikonitia homa. Wajomba zake hawakunitaka. Walisema wazi, tena mbele yangu, kwamba mwalimu ni mtu wa kupangiwa kituo, leo yuko hapa kesho yuko Kigoma, atatokomea na binti yao wabaki kumsikia kwenye simu. Mimi nimekaa mkekani, miguu imekufa ganzi, najibu "ndiyo wazee" kwa kila kitu, hata kwa maswali yaliyotaka "hapana".

Baba yake alikuwa kimya muda wote. Kisha akaniuliza, "Nasikia wewe unakusanya hela za Waingereza?" Nikasema ndiyo, baba. Akaingia ndani akatoka na kikopo cha plastiki cha vidonge, ndani pamba, ndani ya pamba peni moja ya shaba, zile kubwa za zamani. Aliichimbua mwenyewe alipokuwa akichimba shimo la mche wa mkorosho, akaitunza miaka na miaka. Upande mmoja kichwa cha mfalme kimesuguliwa mpaka pua imekwisha. Upande mwingine yule mama wao aliyeketi na ngao na mkuki wa ncha tatu. Akanipa mikononi. Wajomba wakainama kutazama.

Niliitambua kabla haijatulia kiganjani. Peni za namna ile zilipigwa kwa wingi usiosemeka, na mimi mwenyewe nilikuwa nazo tatu, nilizoletewa na rafiki aliyesoma kule. Hazifiki hata bei ya kuku. Lakini ule uso wa mzee ulikuwa unaningoja, na kwa mara ya kwanza siku ile kulikuwa na kitu ambacho mimi nakijua na wajomba hawakijui. Nikaigeuza polepole. Nikaisogeza kwenye mwanga. Nikakohoa kidogo, Mungu anisamehe. Nikasema, "Hii ni mali, baba. Itunze vizuri."

Maneno sita. Mzee akacheka mpaka akafuta machozi, akawaambia wajomba, "Mmesikia? Huyu si mtu wa hivi hivi." Harusi ikapita. Tangu hapo Nalasi nzima nikawa mkwe mwenye elimu ya mali, nikifika nachinjiwa, natengewa kiti chenye mgongo. Nilipenda. Siwezi kujifanya sikupenda. Miaka yote nilikuwa mwalimu wa jiografia asiyehamishika, na pale nilikuwa mtu.

Kila tulipokwenda kikopo kilitoka. Mzee alikuwa akiuliza kama bei imepanda, nami nasema mambo ya hivi yanataka subira. Sikuwahi kutaja kiasi. Nilijiambia kwamba kwa kuwa sikutaja kiasi, sijadanganya. Uongo gani huo ulio hatari, mzee kuipenda sarafu yake? Nilikuwa na majibu mazuri sana enzi zile.

Kisha yakaja macho. Kwanza alianza kugonga fremu za milango kwa bega. Akawa anamimina chai pembeni ya kikombe, anamkaripia mjukuu kwa kusogeza kikombe. Mke wangu akamleta kwetu Ruhuwiko, hapa Songea, tukampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimpima, akatuita mimi na mke wangu na mzee mwenyewe, akaeleza bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia lingali linaona katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa upasuaji katika hospitali kubwa nje ya mkoa, lakini iwe sasa, si baada ya mavuno.

Watoto wake walikubaliana siku ile ile kwenye simu. Kila mmoja angetoa chake, na mimi nilikuwa tayari na changu. Tukamweleza mzee baada ya chakula. Akasikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema, "Mimi si harusi. Sichangiwi."

Mke wangu akamwambia, "Baba, ni macho hayo."

"Najua ni macho. Hela ya korosho ni ya ada za wajukuu, hiyo siigusi. Macho ni kazi ya ile sarafu. Kwa nini nimeitunza miaka yote?" Akanigeukia mimi, uso ukitafuta mahali nilipokaa. "Mkwe, sasa wakati umefika. Wapigie watu wako."

Watu wangu. Ningeweza kusema pale pale, na nimeirudia ile jioni kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Lakini mkwe hambishii mkwewe, kwetu Kondoa na kwao Nalasi vile vile, na mimi nisingekuwa nabisha tu. Ningekuwa namwambia kwamba alimwoza binti yake kwa maneno matupu, na kwamba kila siku aliponitengea kiti chenye mgongo nilikuwa namcheka. Sikuwahi kumcheka, lakini nani angeamini. Nikasema, "Nitawapigia, baba."

Usiku ule nilimweleza mke wangu kila kitu. Alikuwa anakunja nguo za mteja. Hakuacha kukunja. Alipomaliza akasema, "Kwa hiyo hata mimi ulinidanganya."

"Sikutaja bei hata siku moja."

"Usinifundishe mimi kama wanafunzi wako. Ulimwambia mwenyewe, kamwambie mwenyewe. Na usije ukaniambia eti mimi ndiye niongee naye kwa kuwa ni baba yangu."

Asubuhi mzee akauliza kama wamejibu. Nikasema bado. Siku ya tatu nikasema bado. Siku ya tano nilianza kuchelewa kutoka shuleni makusudi, nasahihisha madaftari ambayo hayakuhitaji kusahihishwa, nafika nyumbani naye bado amekaa kibarazani, kichwa kimeinamia upande ambako jicho lake lilikuwa linaona. Alikuwa akinijua kwa mlio wa pikipiki yangu. Kabla sijazima injini alikuwa ameshaniuliza.

Basi, nikaamua kuuza hiyo pikipiki. Akili yangu iliniambia hivi: mzee hataki kuchangiwa, anataka kuuza. Vizuri, atauza. Nikamfuata rafiki yangu muuza makoti, nikamweleza, nikamwomba awe mnunuzi kutoka Dar. Akacheka weee, kisha akaona uso wangu akaacha. Alikuja Jumamosi amevaa suti ya kijivu aliyoitoa kwenye belo la daraja la kwanza, ananukia manukato mpaka mke wangu akafungua dirisha. Bahasha ya pikipiki yangu ilikuwa mfukoni mwake. Nilikuwa nimepiga hesabu: inatosha nauli, upasuaji, na dawa za matone kwa muda mrefu.

Mzee alivaa kanzu na kofia. Akamkaribisha mgeni, akamuuliza hali ya Dar, mvua, joto. Rafiki yangu aliijibu Dar vizuri kuliko mtu wa Dar. Kikopo kikafunguliwa. Akaishika peni, akaigeuzageuza, akaguna kwa kustaajabu, akataja kiasi. Kilikuwa kiasi ambacho mzee hajawahi kukishika kwa mkupuo tangu azaliwe. Akatoa bahasha akaiweka mezani. Niliisikia ikigusa meza, na niliomba dua kimoyomoyo kama mtoto wa madrasa.

Mzee alinyoosha mkono, lakini hakugusa bahasha. Alidai peni yake. Akaisugua kwa kidole gumba, pale alipoketi yule mama na mkuki wake. Akatabasamu.

"Mwanangu," akamwambia mgeni, "umekuja kwa heshima, nami nakushukuru. Lakini kama wewe wa kwanza unaanzia hapo, wa pili ataanzia wapi?"

Rafiki yangu akanitazama. Akaongeza kidogo, kiasi alichokuwa nacho mfukoni mwake mwenyewe, na mpaka leo sijamsahau kwa hilo. Kuongeza ndiko kulikoharibu kabisa. Mzee alicheka kwa furaha, akamwambia mke wangu amfungie mgeni kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, za kwake mwenyewe alizokuja nazo kutoka shambani, akamsindikiza mpaka mlangoni huku anagusa ukuta.

Nilibaki naye sebuleni. Nikasema, "Baba." Nilikuwa nimedhamiria, wallahi nilikuwa nimedhamiria, kifua kilikuwa kimejaa hayo maneno. Akaniwahi. "Nilikusikia unavyohema. Ulitaka niuze. Sikulaumu, mshahara wa mwalimu umekuzoesha kukubali bei ya kwanza." Akanipapasa goti. "Wewe ndiye uliyeniambia hii ni mali. Mimi kila mtu alinicheka kwa ajili ya hiki kichuma, mpaka mama yao, Mungu amrehemu. Wewe peke yako hukunicheka. Sasa tuwe na subira wote wawili."

Niliingia chumbani nikajilaza kifudifudi na viatu vyangu. Nilimkasirikia mzee kwa ukaidi, nikamkasirikia rafiki yangu kwa kuongeza bei, nikamkasirikia hata yule mfalme asiye na pua. Ilinichukua muda mrefu kumfikia mtu mwenyewe wa kukasirikiwa.

Mzee akarudi Nalasi na matone ya macho na habari za mnunuzi wa Dar. Habari zilifika kila nyumba. Matone aliyatumia alipokumbuka. Nilikwenda kule mara mbili peke yangu, kila mara nikiwa nimepanga maneno ndani ya basi tangu Songea mpaka Tunduru: nitamwita pembeni, nitapiga magoti, nitasema. Mara ya kwanza nilikuta amewakusanya majirani waje kumwona mkwe. Mara ya pili nilimkuta peke yake shambani, anapapasa matawi ya mikorosho kuona kama maua yameshika. Hakukuwa na mtu mwingine, hakukuwa na kisingizio chochote. Aliniuliza, "Wa pili bado?" Nikasema, "Anakuja, baba." Nikachukua fagio nikamfagilia chini ya mikorosho mpaka mgongo ukauma, kana kwamba kufagia ni sawasawa na kusema.

Simu ilikuja siku ya kazi, niko darasani. Alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayekaa na mzee. Akasema mzee ameuliza mbona hawajawasha taa. Nikamuuliza, wakati gani huo? Akasema, "Sasa hivi." Nilitazama dirishani. Ilikuwa saa saba ya mchana, jua limewaka, wanafunzi wangu wanajipepea kwa madaftari.

Tulimleta, akapelekwa mpaka kwenye hospitali kubwa. Safari hii hakukataa kuchangiwa, na kukubali kwake kulinitisha kuliko ukaidi wake wote. Daktari wa kule alimmulika jicho moja, akammulika jingine, akaandika. Alikuwa mpole. Alituuliza kwa nini tulichelewa. Mke wangu alinitazama, na mimi nikatazama sakafu. Mzee ndiye aliyejibu: "Tulikuwa tunasubiri mnunuzi."

Ni mwaka wa pili sasa anakaa nasi Ruhuwiko. Mke wangu hajawahi kumwambia. Aliniambia mara moja tu, tukiwa jikoni, "Sitasema. Usidhani ni kwa ajili yako. Ameshapoteza macho, nikimwambia hili atabaki na nini?" Tangu hapo hatujalizungumza tena, na sauti yake kwangu imekuwa ya heshima tupu, kama anavyoongea na wateja.

Kazi za mzee nazifanya mimi. Namwongoza bafuni, namshikia kopo la maji ya udhu, mambo ambayo mkwe hafanyi kwa baba mkwe, na wageni wakiona wanainamisha macho kwa aibu yangu na yake. Wakishaondoka, majirani wananisifu. Wanasema wameona wakwe wengi lakini mkwe kama huyu hawajaona. Imamu alinitaja msikitini kama mfano. Nilikaa pale safu ya pili nikatamani zulia linimeze. Uhamisho ule niliouomba ujana wangu wote ungekuja leo, ningeuchana. Nitakwenda wapi? Atashikwa na nani mkono?

Sokoni siendi. Muuza makoti alinitumia ujumbe kwamba ana tano mpya, moja ina kichwa cha huyu mfalme wa sasa, hajawahi kuiona. Nimemwambia awape watoto wachezee.

Naandika haya kwenye meza ile ile niliyokuwa nikipanga sarafu. Mzee amekaa kiti cha pili, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mguu nitamgusa. Hawezi kuyaona, ndiyo maana nimeweza kuyaandika. Lakini kalamu anaisikia. Ameisikiliza muda mrefu, kisha ameniuliza naandika nini usiku wote huu.

Nimesema, "Barua, baba."

"Kwa yule wa pili?"

Mke wangu, chumba cha pili, amesimamisha cherehani. Nimesema, "Ndiyo, baba."

Ameitikia kwa kichwa, ametulia. Kisha amesema, "Mwandikie asijisumbue kukimbia. Haraka tena ya nini."